Askari Anayesema na Rubani

Wasikilizaji, leo nawazungumzia nikiwa hapa Matuu, kaunti ya Machakos, kando ya barabara kuu inayotoka Thika kwenda Mwingi, Garissa, na mwisho wake Liboi kwenye mpaka wa Somalia.

Wakaaji wa Matuu hamhitaji kuelezwa habari za barabara hii. Mchana lori za maembe na za nyanya, usiku mabasi ya Garissa. Na tangu Oktoba 2011, wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuwafuata wapiganaji wa Al-Shabaab, mmezoea pia kuyaona magari ya jeshi yenye turubai la kijani yakipita mfululizo, vijana wameketi nyuma bila kusema neno. Huenda mmoja wao ni wa kwako. Ukambani tumewatoa wana wetu jeshini tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na katika boma nyingi za hapa Yatta hukosi picha ya mtu aliyevaa sare ukutani.

Lakini tukilitaja jeshi, wengi wetu huona bunduki tu. Siku ya kuandikisha makurutu, vijana huvua mashati uwanjani, wakapimwa urefu, wakaangaliwa meno, wakakimbizwa kwenye jua. Aliyeshinda mbio anarudi nyumbani na barua, mama anapiga vigelegele. Jioni hii nataka tumzungumzie askari wa namna nyingine. Naye hukimbia, tena sana, lakini silaha yake kubwa ni redio, na ustadi wake umo katika kuona vizuri, kuhesabu vizuri na kusema vizuri. Ni mwongozaji wa ndege vitani, mtu aliye ardhini anayezungumza na rubani aliye juu.

Jambo ninalotaka kulidai leo ni hili. Ndege ya kivita isiyo na mtu makini chini yake ni hatari kwa jeshi lenyewe na kwa raia aliye karibu. Kwa hiyo sisi wananchi tunapouliza serikali imenunua ndege ngapi, tumeuliza nusu ya swali.

Siku ya soko mmemwona taniboi. Lori limejaa magunia, dereva anarudi nyuma katikati ya watu, kioo kinamwonyesha turubai na anga tu. Anachokifuata ni sauti: njoo, njoo, kata kulia, taratibu, simama! Taniboi akichelewa kusema "simama" kwa pumzi moja, kibanda cha mama mboga kimekwenda, na pengine mama mboga mwenyewe. Sasa badala ya lori weka ndege inayokwenda kilomita mia nane kwa saa. Safari ya Matuu hadi Thika, ambayo kwa matatu ni karibu saa nzima, rubani huyo anaimaliza kwa dakika nne au tano. Kwa mwendo huo, nyumba, zizi, shule na ngome ya adui vyote ni vidoa vya bati vinavyopita chini yake. Lazima awepo mtu wa kumwambia kidoa ni kipi.

Kazi hii ina pande mbili. Upande wa kwanza ni kuifungulia ndege mahali pa kutua pale ambapo hakuna mnara, hakuna taa, na pengine hakuna amani. Upande wa pili ni kuielekeza ndege mahali pa kupiga. Wamarekani wana kikosi kinachofanya yote mawili, na kilizaliwa kutokana na maafa. Julai 1943, katika vita vya pili vya dunia, walirusha askari wa miavuli usiku kwenye kisiwa cha Sicily. Upepo na giza viliwatawanya mbali na mahali walipotakiwa. Usiku mmoja mizinga ya Wamarekani wenyewe na ya wenzao ikaangusha ndege 23 za upande wao, nyingine zikiwa bado zimebeba askari wao. Miezi miwili baadaye, kule Italia, wakaanza kutanguliza watu wachache wa kuruka kwanza, kutafuta uwanja, kuweka taa na vyombo vya redio, kisha kuwaita wenzao.

Kwetu Afrika Mashariki kazi hii imewahi kufanywa mbele ya macho ya dunia nzima, ingawa watu hukumbuka risasi wakaisahau. Nazungumzia Entebbe, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Ndege ya Ufaransa ilikuwa imetekwa na kupelekwa Uganda ya Idi Amin, na Waisraeli wakatuma ndege nne za Hercules kuwakomboa mateka. Waliopanga safari ile walijiuliza swali la mtu mwenye akili: je, Waganda wakizima taa za uwanja baada ya ndege ya kwanza kutua, hizo nyingine tatu zitatuaje? Basi ndege ya kwanza ilipogusa ardhi, ikiwa bado inatembea, askari wachache wa miavuli waliruka mlangoni wakiwa na taa za mkononi, wakazipanga kando ya njia ya kurukia. Taa za uwanja zilizimwa kweli. Ndege zilizofuata zikatua kwa taa zile. Kisha Hercules hizo zikaja kujaza mafuta hapa Nairobi. Kila mtu anayasimulia mapigano ya kwenye jengo la abiria. Mimi nawafikiria wale waliopiga magoti pembeni ya lami wakipanga taa, migongo yao ikielekea mnara wa adui.

Kenya pia tuna historia ya ndege kupiga bila jicho la kutosha chini, na haiko mbali na hapa. Mnaoishi kando ya mfereji wa Yatta mnajua nani aliuchimba. Maji ya mto Thika yaliletwa huku kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni, katika miaka ya 1950. Miaka hiyohiyo, mwaka 1953, pale Thika, Jeshi la Wanahewa la Uingereza lilianzisha kikosi cha ndege ndogo za Harvard kilichohamia baadaye Mweiga, Nyeri. Mwishoni mwa mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa zenye injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh kwenda kumwaga mabomu juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ndege ndogo za polisi ziliziongoza kutoka juu, zikionyesha mahali kwa moshi. Lakini chini ya miti ile mirefu hakuna aliyemwona aliyekuwa akipigwa. Wapiganaji wa Mau Mau walisikia injini, wakahama. Ndovu, vifaru na nyati ndio waliobaki na vidonda, na mnyama mwenye kidonda humrukia yeyote, awe mpiganaji, awe askari, awe mwanamke aliyekwenda kuokota kuni. Jeshi tajiri lilitumia mabomu mengi mno na likapata kidogo.

Sasa turudi kwa askari wetu wa redio, tuone anavyofunzwa. Nitawaeleza mafunzo ya Wamarekani kwa kuwa yanajulikana hatua kwa hatua.

Kwanza ni mchujo, huko Texas. Hapo ni kukimbia, kuogelea, kubeba mzigo na kukosa usingizi, na walio wengi hawafiki mwisho. Anayebaki hapelekwi kwenye bunduki. Anapelekwa darasani Mississippi, kujifunza kuongoza ndege kama yule aliye kwenye mnara wa uwanja wa raia: sheria za anga, hali ya hewa, nafasi kati ya ndege na ndege, ipi itue kwanza, ipi isubiri. Anafanya mtihani wa kweli. Baada ya hapo ndipo anapojifunza kuruka kwa mwavuli, kisha kuishi porini asipate msaada, kisha shule ya kikosi chenyewe huko North Carolina, ambako anaunganisha silaha, ramani, vilipuzi na redio. Kuna pia mafunzo ya kupiga mbizi na ya kuruka kutoka juu sana, mwavuli ukifunguliwa karibu na ardhi. Yote hayo huchukua kama miaka miwili kabla hajaaminiwa kazini. Ile bereti nyekundu anayovaa ameilipia.

Matunda ya darasa lile yalionekana Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, na mnara wa uwanja wa ndege ukaharibika. Ndege za misaada zikaanza kumiminika kutoka kila pembe ya dunia kuelekea kwenye njia moja ya kurukia. Kesho yake kikosi kidogo cha waongozaji hawa kikatua. Chini ya nusu saa baadaye walikuwa wameweka meza ya kukunja kwenye nyasi kando ya lami, redio mgongoni, wakawa wanaita ndege moja baada ya nyingine. Ziliwahi kupita ndege zaidi ya mia kwa siku, na haikutokea ajali. Sijui mnara gani wa kifahari ungefanya zaidi ya meza ile.

Huo ndio upande wa kwanza wa kazi. Upande wa pili ni mzito kuliko huo, na naomba mnivumilie niueleze polepole.

Tuseme kijana yuko mafunzoni, amelala kifudifudi juu ya mwinuko kama huu wetu wa Yatta. Mbele yake ana ramani, dira, darubini yenye mionzi ya kupima umbali, redio, na daftari dogo na penseli, kwa kuwa kalamu ya wino hukwama mvua ikinyesha. Shabaha ni gari bovu lililowekwa bondeni. Ndege iko mbali, haionekani. Kijana anapaswa kumpa rubani habari kwa mistari tisa, kwa mpangilio uleule kila mara: uanzie wapi, uelekee upande gani, umbali gani, shabaha iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, ni kitu gani, iko hasa wapi kwenye ramani, imewekewa alama gani, askari wetu wako wapi, na ukimaliza utoke upande gani. Tarakimu hutajwa moja moja. Maneno ya ziada hayatakiwi.

Kila mstari una sababu yake. Chukua ule wa kimo. Bomu haliangukii shabaha kwa kunyooka kama embe kutoka mtini, huja kwa mshazari. Kwa hiyo ukikosea kimo cha bonde, hata kama mahali umepataja sawasawa, litapita mbele au litaanguka kabla. Ndiyo maana rubani analazimika kurudia kwa sauti kimo na mahali, neno kwa neno, na kijana anafuata kwa kidole kwenye daftari lake. Tarakimu moja ikipishana, wanaanza upya.

Halafu ndege inatokea. Sasa kijana haangalii shabaha peke yake. Anatazama pua ya ndege, inaelekea wapi? Inaelekea bondeni, au inaelekea kilima walipo wenzake? Ana sekunde chache. Akiridhika anatoa ruhusa. Asiporidhika anasema acha, acha, acha, mara tatu, na rubani analazimika kupita bila kupiga, hata kama ana cheo kikubwa na mafuta yanamwishia. Tafakarini mamlaka hayo, wasikilizaji. Sajini aliyelala mavumbini anamzuia ofisa wa angani kwa neno moja, na jeshi zima linakubali kuwa ndivyo inavyopaswa kuwa.

Na akikosea? Tarehe 5 Desemba 2001, kaskazini ya Kandahar, Afghanistan, mwongozaji wa Kimarekani alikuwa akitumia kifaa cha setilaiti kupata mahali pa adui. Betri ikaisha, akaibadilisha. Kifaa kilipowaka tena, kilionyesha mahali kilipo chenyewe, yaani mahali alipokuwa yeye. Katika haraka ya mapigano tarakimu zile zikapelekwa kwa rubani. Bomu la kilo karibu mia tisa lilikuja likaanguka palepale alipoambiwa rubani, juu ya wenzao. Askari watatu wa Marekani na Waafghani kadhaa walikufa. Hamid Karzai, aliyechaguliwa siku ileile kuiongoza nchi kwa muda, alijeruhiwa kidogo. Yote yalitokana na betri. Tangu nilipokisoma kisa hicho nimeelewa kwa nini walimu wa kazi hii huwa wakali kwa mambo yanayoonekana madogo.

Tarehe 3 Oktoba 2015, mjini Kunduz, nchi hiyohiyo, ndege ya Marekani ilipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka. Watu 42 walikufa, wakiwemo wagonjwa na madaktari. Shirika lilikuwa limekwisha kutoa mahali pa hospitali kwa majeshi. Mwongozaji aliyekuwa ardhini hakuweza kuliona jengo lililokuwa likipigwa. Alikuwa akieleza kwa maneno jengo jingine, na walio juu wakayaweka maneno yake juu ya jengo walilokuwa wakiliona wao. Watu wawili wakasemezana, kila mmoja akiwa na picha yake kichwani.

Hata sisi Wakenya lipo letu. Oktoba 30, 2011, wiki mbili tu baada ya jeshi letu kuingia Somalia, ndege zilipiga mji wa Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka walisema kambi ya watu waliokimbia njaa na vita iligongwa, na kwamba walipokea majeruhi wengi, wengi wao watoto. Jeshi letu lilikanusha kuwapiga raia, likasema lililenga Al-Shabaab. Siketi hapa kuhukumu. Nasema tu kwamba mabishano ya namna hiyo humalizwa na mtu mmoja: aliyekuwepo, aliyeona kwa macho yake, na aliyeandika kwa penseli kwenye daftari lake saa ngapi na wapi. Asipokuwepo mtu huyo, familia ya mtoto aliyekatika mguu haina pa kuuliza, na rubani wetu pia hana wa kumtetea.

Na kifo hakiwachagui walio na bunduki peke yao. Alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, ambako wanajeshi wetu na wa Marekani wanakaa pamoja. Wamarekani watatu waliuawa na ndege zikateketezwa. Wawili kati ya waliokufa walikuwa wafanyakazi wa kampuni. Wa tatu alikuwa askari wa miaka 23 kutoka Illinois, Henry Mayfield, na kazi yake ilikuwa kuongoza ndege. Alikuwa ndani ya gari karibu na njia ya kurukia wakati kombora lilipolipiga. Hakuwa na mnara wa saruji. Gari lile ndilo lililokuwa mnara wake. Alikufa kwenye ardhi yetu, akifanya kazi ambayo wengi wa majirani wa uwanja ule hawakujua kuwa ipo.

Kwa hiyo narudi kwenye nusu ile ya swali tuliyoiacha. Mwaka 2020 Kenya ilipokea helikopta mpya za kivita za MD 530, na magazeti yakatuonyesha picha zake. Ndege zetu za F-5 zimekuwepo tangu 1978, nazo tumezizoea kwenye gwaride. Ningependa Kamati ya Bunge ya Ulinzi iulize, kwa siri kama ni lazima, maswali mepesi. Kwa kila ndege tunayoinunua, tumewafunza watu wangapi wa kusema nayo kutoka ardhini? Hufanya mazoezi mara ngapi kwa mwaka kwa mabomu ya kweli, si ya kwenye kompyuta? Maana ustadi huu huoza haraka. Majeshi makini huweka muda, na mwongozaji asiyefanya mazoezi ndani yake hupoteza kibali mpaka apimwe tena. Je, sajini wetu akisema "acha", rubani mwenye nyota begani anaacha? Na pakitokea malalamiko ya raia, daftari la mwongozaji linafunguliwa mbele ya nani?

Sitaki kusikia kwamba maswali haya yanalidhoofisha jeshi. Mzazi wa Matuu ambaye mwanawe yuko ng'ambo ya Liboi ana haki ya kujua kwamba ndege ikija kumsaidia mwanawe, yuko mtu mwenye akili iliyotulia atakayeizuia isimwangukie.

Na nyinyi vijana mnaonisikiliza, mnaojiandaa kwa siku ya makurutu kwa kukimbia asubuhi kwenye njia ya mfereji, endeleeni kukimbia. Lakini mkirudi nyumbani fungueni pia kitabu cha hesabu, cha fizikia na cha jiografia. Jifunzeni kusoma ramani yenye mistari ya kimo. Jizoezeni kusema Kiingereza kilichonyooka na kifupi, kwa kuwa ndicho rubani wa nchi yoyote anachokisikia redioni. Anayeipenda kazi hii bila sare anayo njia pia: Shule ya Usafiri wa Anga ya Afrika Mashariki pale Embakasi imekuwa ikifunza tangu 1954, na minara yetu ya Wilson, Mombasa na Kisumu inahitaji sauti tulivu kama kambi zinavyohitaji. Wasichana, nanyi pia. Redio haiulizi kifua kina upana gani.

Mimi naishia hapo. Baada ya taarifa ya habari simu zitakuwa wazi. Ningefurahi hasa kuwasikia mliostaafu jeshini, mlio hapa Matuu, Kithimani, Ndalani, Masinga, kama mliwahi kulala shimoni mkisikia ndege yenu ikija na mkijua, au msijue, ni nani aliyekuwa akisema nayo. Msitaje vikosi wala mahali. Tuambieni tu mlivyosikia.